Tauni ya Hong Kong na tauni ya Kiziba: jibu kwa mwalimu wa historia

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari mkoani Kagera: “Katika somo la magonjwa ya milipuko tumefika kwenye tauni iliyolipuka Hong Kong mwaka 1894. Wanafunzi wameniuliza mambo mawili ambayo sikuweza kuyajibu nikaridhika. Kwanza, iliwezaje kufika kila bara ndani ya miaka michache, hali bandari zilikuwa na karantini na madaktari? Pili, wazee wa Kiziba husimulia ugonjwa wa mitoki uliokuja baada ya panya kufa, nao wanasema ulikuwapo kabla ya Wajerumani. Je, ni tauni hiyohiyo ya Hong Kong?”

Mwalimu, salaam. Wanafunzi wako wamegusa penyewe, hasa kwa hilo swali la pili, ambalo vitabu vingi vya shule huliruka. Nitakujibu kwa urefu.

Swali la kwanza lina jibu fupi: karantini zilimkagua mtu, tauni ikapita na mzigo. Daktari wa bandari alipanda melini, akawapanga abiria, akawapapasa kinenani na makwapani kutafuta mitoki, akaagiza wenye homa watengwe. Abiria wa daraja la chini wakakaa siku kumi kisiwani. Magunia ya mchele, ngano na pamba, pamoja na panya waliolala ndani yake na viroboto waliokuwa kwenye manyoya ya panya hao, yakashushwa gatini na kupelekwa ghalani, na hakuna aliyeyauliza yametoka wapi.

Ugonjwa wenyewe haukuzaliwa Hong Kong. Chimbuko la janga hili ni Yunnan, mkoa wa milima kusini-magharibi mwa China, ambako bakteria wa tauni alikuwa akiishi miongoni mwa panya wa porini na kuwapata watu mara mojamoja. Karne za 18 na 19 zikaleta huko wachimbaji wa shaba na bati, wahamiaji wengi, na biashara ya kasumba iliyosafirishwa na misafara ya nyumbu kuelekea pwani. Mwaka 1856 Waislamu wa Yunnan waliasi wakiongozwa na Du Wenxiu, na vita havikuisha hadi 1873. Majeshi na wakimbizi wakautoa ugonjwa bonde moja na kuuingiza bonde jingine. Ndiyo maana vitabu vingi huanza kuhesabu janga hili mwaka 1855, nalo huitwa la tatu, baada ya tauni ya zama za Justiniano, mfalme wa Roma ya Mashariki, katika karne ya 6 na ile ya karne ya 14 iliyoua sehemu kubwa ya Ulaya na Mashariki ya Kati.

Sasa waandikie wanafunzi ubaoni: 1855, 1894, 1900. Kutoka Yunnan hadi bandari kubwa za kusini mwa China, kwa mwendo wa nyumbu, askari na mashua za mtoni, tauni ilichukua karibu miaka 40. Mwaka 1867 ilikuwa Beihai, bandari ndogo ya Ghuba ya Tonkin. Majira ya kuchipua ya 1894 ikaingia Guangzhou na kuua makumi ya maelfu, na mwezi Mei ikavuka maji hadi Hong Kong. Baada ya hapo ilihitaji miaka sita tu kufika Afrika, Ulaya, Amerika zote mbili na Australia. Bakteria hakubadilika. Kilichobadilika ni chombo alichopanda.

Kabla ya meli za mvuke, safari ndefu ya baharini ilikuwa yenyewe ni karantini. Jahazi au merikebu ya matanga iliyotoka na panya wagonjwa ilikaa majini miezi. Panya wakafa wote, viroboto wakakosa damu, na ikifika bandarini hakuna kilichosalia cha kuambukiza. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za chuma zenye injini zikaanza kwenda kwa ratiba, Bombay (leo Mumbai, India) ikawa karibu na Mombasa, na Hong Kong ikawa wiki chache tu kutoka San Francisco. Panya wa melini aliweza kuugua njiani, akamwambukiza mwenzake, na huyo mwenzake akashuka kwenye kamba ya kufungia meli akiwa hai. Hata panya wote wakifa, kiroboto aliyeambukizwa huweza kuishi wiki kadhaa bila kula, mradi apate ubaridi na unyevu kidogo, na kiroboto wa panya hupenda sana vumbi la nafaka, kwa kuwa funza wake hula uchafu uliomo humo.

Hong Kong ndipo bakteria alipoonekana kwa mara ya kwanza. Mwaka 1894 walikufa huko watu zaidi ya 2,500, wengi wao Wachina waliobanana katika mtaa wa Tai Ping Shan, na karibu kila aliyeugua alikufa. Serikali ya Kiingereza ilituma askari nyumba kwa nyumba kupaka chokaa, kuchoma samani na kuwatoa wagonjwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia bara. Juni mwaka huo wakafika watafiti wawili, kila mmoja kwa njia yake. Kitasato Shibasaburō alitoka Japani na timu yake, akapokelewa vizuri na kupewa chumba cha maiti na vifaa. Alexandre Yersin, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi Indochina ya Wafaransa, alikuja na darubini yake, akanyimwa maiti. Akajijengea kibanda cha makuti karibu na hospitali, akawahonga mabaharia Waingereza waliokuwa wakizika maiti wamruhusu akate mtoki mmoja kabla jeneza halijaondoka. Alichokiona chini ya darubini ndicho leo kinaitwa Yersinia pestis. Kitasato naye alimwona bakteria siku hizohizo, ila maelezo yake yalichanganyika na viini vingine.

Yersin aliandika jambo jingine ambalo lilistahili kusomwa na kila mkuu wa bandari duniani: kwamba mitaa yenye wagonjwa ilijaa panya waliokufa, na kwamba ndani ya panya hao alimkuta bakteria yuleyule. Hiyo ilikuwa 1894. Serikali nyingi ziliendelea miaka zaidi ya kumi kutafuta tauni katika hewa chafu, udongo, nguo na miili ya maskini.

Mwaka 1896 tauni ikaingia Bombay, na hapo ndipo ilipopata ukubwa wake halisi. Daktari Acacio Viegas aliwatambua wagonjwa wa kwanza mwezi Septemba katika mtaa wa Mandvi. Mandvi ulikuwa mtaa wa maghala ya nafaka, kando kabisa ya gati, na panya walikuwa wameanza kufa humo kabla watu hawajaugua. Mamia ya maelfu wakaukimbia mji kwa treni. Reli za India zikabeba nafaka na watu hadi Pune, Karachi, Punjab na bonde la Ganges. Makadirio ya waliokufa India katika miongo iliyofuata yanapita milioni 10, na mwaka 1907 pekee ulichukua zaidi ya milioni moja. Ukijumlisha dunia nzima nje ya India, China ikiwemo, hupati hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha janga hili kwa Hong Kong peke yake anafundisha mlango tu. Nyumba yenyewe ni India.

Serikali ya India ya Kiingereza ilitunga sheria ya magonjwa ya mlipuko mwaka 1897, iliyowapa maofisa mamlaka ya kuvunja nyumba, kuwatenga watu na kuwapekua wasafiri. Huko Pune askari waliingia hadi vyumba vya wanawake, wakagusa madhabahu za nyumbani, wakachoma mali. Mwezi Juni 1897 ofisa aliyesimamia kazi hiyo, Walter Charles Rand, alipigwa risasi na ndugu wa ukoo wa Chapekar, akafariki, na Bal Gangadhar Tilak, mwandishi na mwanasiasa aliyepinga utawala huo, akafungwa kwa maandishi yake gazetini. Watu walificha wagonjwa, wakazika usiku, wakahama na vyombo vyao gizani, na viroboto wakahama nao ndani ya magodoro. Hatua kali za namna ile ziliusambaza ugonjwa kuliko kuuzuia, na hilo nalisema bila kusita.

Mtu aliyelitatua fumbo hili alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa, Paul-Louis Simond, na kazi yake inafaa kuelezwa darasani hatua kwa hatua. Akiwa India aliona wagonjwa wengine wana lengelenge dogo mguuni, mahali penye alama ya kuumwa na mdudu, na maji ya lengelenge hilo yalijaa bakteria. Aliona pia kwamba panya aliyekufa zamani hakumdhuru aliyemshika, lakini aliyekufa muda mfupi uliopita alikuwa hatari mno. Katika kiwanda kimoja cha sufu asubuhi moja walikutwa panya wengi wamekufa sakafuni. Vibarua 20 waliamriwa kuwaondoa, na ndani ya siku tatu 10 kati yao wakashikwa na tauni, huku waliobaki kiwandani bila kugusa panya wakiwa wazima. Simond akajiuliza ni kitu gani kinachotoka kwenye mzoga wa panya wakati bado una joto, na kisichokuwapo ukishapoa.

Mwezi Juni 1898, mjini Karachi, alichukua panya mgonjwa kutoka nyumba ya mtu mwenye tauni, akamweka ndani ya chupa kubwa ya kioo yenye mchanga, na kwa kuhakikisha viroboto wanatosha akaongeza wengine aliowatoa kwa paka. Panya alipokaribia kufa, Simond alining’iniza ndani ya chupa kizimba kidogo cha waya chenye panya mzima. Hawakuweza kugusana wala kula chakula kimoja, lakini kiroboto aliweza kuruka. Panya mgonjwa alikufa. Siku chache baadaye yule wa kizimbani akashindwa kutembea, akafa, na alipopasuliwa alikutwa na mitoki kinenani na kwapani, na damu yake imejaa bakteria. Simond akafanya na jaribio la kinyume: panya mgonjwa asiye na viroboto aliwekwa pamoja na wazima, na hakuna aliyeugua.

Wakubwa wa tiba hawakumwamini. Tume ya utafiti iliyoanza kazi Bombay mwaka 1905 ndiyo iliyorudia majaribio hayo kwa wingi, ikawaweka wanyama katika nyumba zenye tauni, baadhi wamekingwa na karatasi ya gundi, baadhi wameachwa wazi, na matokeo yakamthibitisha. Mwaka 1914 watafiti Bacot na Martin huko London wakaonyesha namna inavyotokea ndani ya mdudu mwenyewe: bakteria huzaliana na kuganda kooni mwa kiroboto, damu haishuki tumboni, kiroboto anashikwa na njaa, anauma tena na tena, na kila akiuma anatapika bakteria ndani ya jeraha. Kiroboto anayekufa njaa ndiye hatari kuliko wote, na panya wake akifa lazima atafute mwili mwingine wenye joto. Ukimjua huyo kiroboto, unaelewa kwa nini wazee wa Kiziba walisema panya hutangulia.

Unaelewa pia kwa nini Madras na Colombo hazikupigwa kama Bombay, ingawa zilikuwa bandari zenye panya wengi na maskini wengi vilevile. Daktari wa Colombo, Fabian Hirst, aligundua kwamba panya wa miji hiyo walibeba zaidi kiroboto wa aina nyingine, anayeambukiza tauni kwa udhaifu. Hizo ni tofauti za mdudu asiyezidi punje ya mtama, na zilitosha kuokoa mji mzima. Hakuna gavana aliyestahili sifa hiyo.

Orodha ya bandari naipitia haraka. Jeddah, mlango wa mahujaji, mwaka 1897, na mwaka huohuo mataifa ya Ulaya yakakutana Venice kujadili tauni huku wakiihofia hija kuliko biashara ya nafaka, na serikali ya India ikasimamisha safari za mahujaji. Toamasina nchini Madagaska mwaka 1898. Mauritius, Alexandria, Porto ya Ureno, Santos ya Brazili na Honolulu, zote mwaka 1899. Mwaka 1900: Sydney, San Francisco, Buenos Aires, Glasgow.

Cape Town inastahili kusimama kidogo, maana hapo mzigo unaonekana waziwazi. Waingereza walikuwa wakipigana na Makaburu, na farasi wao wengi walihitaji malisho. Nyasi kavu zikaagizwa kutoka Argentina, ambako tauni ilikuwa imeshaingia. Panya wakaanza kufa gatini mwishoni mwa 1900, katika eneo lililosimamiwa na jeshi, na Februari 1901 wakaanza kuugua watu, kwanza wafanyakazi wa bandarini. Hakuna mgonjwa aliyetoka Argentina. Yalitoka majani ya farasi.

Java, kisiwa cha Indonesia ya leo kilichotawaliwa na Waholanzi, ni mfano mwingine. Mavuno ya mchele yalipokuwa mabaya, Waholanzi waliagiza mchele kutoka Rangoon, bandari ya Burma, na kufikia 1911 tauni ilikuwa imeenea mashariki ya kisiwa. Wachunguzi walipofungua nyumba za wanakijiji walikuta panya wamejenga viota ndani ya mianzi yenyewe, katika tundu la boriti juu ya kitanda, na wengine walikufa humohumo. Watu walilala chini ya panya kwa umbali wa mkono mmoja. Serikali ikaanza kuziba ncha za mianzi na kubadilisha mapaa ya nyumba nyingi mno. Ilikuwa kazi ya miaka na ya gharama, ila ndiyo iliyolenga adui halisi.

Huko Sydney mkuu wa afya, John Ashburton Thompson, aliamini mapema habari ya panya, akaisisitiza katika ripoti zake. Mlipuko wa mwaka 1900 ulikuwa na wagonjwa 303 na vifo 103, na panya waliouawa walipita 100,000. Lakini si kila mahali panya anaonekana wazi. Glasgow mwaka huohuo walichunguza mamia ya panya wasimpate hata mmoja mwenye tauni, na wapo watafiti wanaoona kwamba huko viroboto na chawa wa binadamu ndio waliohamisha ugonjwa ndani ya familia. Manchuria mwaka 1910 na 1911 nako ilikuwa habari tofauti kabisa: tauni ya mapafu, iliyoanzia kwa wawindaji wa ngozi za panya-milima, ikapita relini hadi Harbin na kuua watu wapatao 60,000 kwa kikohozi tu. Huko mtu ndiye aliyekuwa mzigo, na daktari Wu Lien-teh aliizima kwa barakoa, kutenga wagonjwa na kuchoma maiti. Nakuwekea hili wanafunzi wasije wakaondoka na kanuni moja wakidhani inafaa kila mahali.

Lakini lipo jambo linalojirudia bandari hadi bandari, nalo linaniuma kila ninapolisoma: moto na kuhamishwa kwa watu. Honolulu, Januari 1900, bodi ya afya ilichoma nyumba za Wachina zilizokuwa na wagonjwa. Upepo ukageuka, mtaa wote wa Wachina ukateketea, na maelfu wakabaki bila makazi. Cape Town, 1901, Waafrika maelfu walitolewa mjini chini ya ulinzi wakapelekwa Uitvlugt, mahali palipokuja kuitwa Ndabeni. Johannesburg, 1904, mtaa wa Wahindi ulichomwa, na wakazi wakahamishiwa Klipspruit, eneo ambalo baadaye lilikuwa mwanzo wa Soweto. Mohandas Gandhi, wakati huo wakili mjini humo, alikuwa miongoni mwa waliouguza wagonjwa. Dakar, 1914, Waafrika walihamishwa na kitongoji cha Médina kikaanzishwa. Tauni ilipoondoka, waliohamishwa hawakurudishwa. Panya hawakuhamishwa.

Afrika Mashariki nayo haikukosa. Zanzibar ilikuwa na kituo cha karantini katika kisiwa cha Changuu, kile ambacho watalii leo hupelekwa kuangalia kobe. Majengo yake yalikusudiwa kuwa gereza, yakaishia kupokea wasafiri wa meli zilizotoka India. Hata hivyo tauni iliingia Unguja mwaka 1905. Reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1902 tauni ikalipuka katika bazari ya Wahindi, mahali palipokuwa pakihifadhiwa nafaka na vyakula vya mji mzima. Bazari ikachomwa moto. Tauni ikarudi Nairobi mara kadhaa baada ya hapo, na mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kutenganisha makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika. Ukitembea leo Nairobi ukaona mtaa mmoja una miti na mwingine umebanana, sehemu ya ramani hiyo ilichorwa kwa kisingizio cha panya.

Sasa nije Kiziba. Mwaka 1897 Robert Koch, mtafiti mashuhuri wa Ujerumani, alikuwa Bombay na tume ya nchi yake akichunguza tauni. Kutoka Bombay alipanda meli kwenda Dar es Salaam. Akiwa hapo zikamfikia habari kutoka kwa wamisionari na maofisa kwamba upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, katika nchi ya Kiziba, upo ugonjwa wa mitoki unaoua haraka, ambao ripoti za Kijerumani ziliandika jina lake la kienyeji kuwa “rubwunga”. Daktari wa jeshi, Zupitza, akatumwa huko, akarudisha vipimo kutoka kwa wagonjwa na panya. Koch aliyekuwa ametoka kumwona bakteria wa Bombay kwa macho yake alimtambua mara moja: tauni. Mwaka 1898 alitangaza Berlin kwamba bara la Afrika lina chimbuko lake la tauni mbali na bahari, na kwamba Kiziba iliipokea kutoka upande wa Uganda.

Angalia tarehe, mwalimu. Reli ilikuwa haijafika hata Nairobi. Hakukuwa na meli ya mvuke ya mizigo kutoka Bombay hadi Bukoba. Na wenyeji, kwa mujibu wa taarifa za wakati ule, walikuwa na utaratibu uliokwisha kukomaa: panya wakianza kufa ndani, familia inatoka nyumbani na kuhamia kwingine. Utaratibu kama huo haujengwi kwa mwaka mmoja. Ng’ambo ya mpaka, Baganda walikuwa na Kaumpuli, ambaye ni jina la ugonjwa na pia la mzimu wa tauni, mwenye hekalu na makuhani wake, na alikuwapo katika simulizi za kifalme muda mrefu kabla ya mzungu wa kwanza kuingia Buganda. Kwa hiyo wakati maprofesa wa Ulaya wakibishana kama tauni inatoka udongoni au hewani, wakulima wa migomba wa Kiziba walikuwa wameshafanya jambo sahihi: kuondoka kwenye nyumba yenye panya waliokufa kabla viroboto hawajahamia kwao.

Sayansi ya baadaye iliwapa haki. Mwaka 1951 mtafiti René Devignat, aliyefanya kazi Kongo ya Kibelgiji, aliwagawa bakteria wa tauni katika aina tatu kwa kuangalia wanavyovunja kemikali mbili, glisero na naitreti. Ile iliyotawanywa na meli kutoka China akaiita Orientalis. Ile ya Kongo na nchi za maziwa haikuwa hiyo. Akaiita Antiqua, yaani ya kale. Nadharia yake ya kuipa kila aina janga lake la kihistoria haikusimama mbele ya vipimo vya vinasaba, lakini tofauti yenyewe imesimama. Vinasaba vya bakteria waliokusanywa Kenya na Kongo vinaonyesha tawi linalojitegemea, lililoachana na tawi la meli zamani, karne nyingi kabla ya 1894. Yote mawili yana babu mmoja huko Asia, ila la kwetu lilitangulia kuja.

Basi jibu la swali la pili ni hili: mitoki ya Kiziba ni tauni kweli, bakteria ni Yersinia pestis yuleyule kwa jina, lakini haikutoka Hong Kong. Wazee wamesema kweli. Afrika Mashariki ilipata tauni mara mbili kwa milango miwili: moja ya zamani iliyokwisha kukaa katika nyanda za maziwa, na nyingine ya mwisho wa karne ya 19 iliyoshuka bandarini pamoja na shehena.

Na zote mbili zina wajukuu hadi leo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba janga la tatu lilikwisha karibu mwaka 1960, vifo viliposhuka chini ya 200 kwa mwaka. Meli zilikuwa zimeanza kufukizwa kwa gesi, kamba za gatini zikawekwa visahani vya kuzuia panya, dawa za viroboto zikapatikana, na streptomisini ya miaka ya 1940 ikageuza ugonjwa wa mauti kuwa ugonjwa unaopona ukiwahiwa. Lakini bakteria alikuwa ameshaingia kwa wanyama wa porini wa nchi ngeni: kuchakulo wa California, panya wa nyika za Afrika Kusini, wanyama wa milima ya Peru. Madagaska, iliyopokea tauni ya meli mwaka 1898, iliiona ikipanda hadi Antananarivo mwaka 1921, na haijatoka huko tena. Mwaka 2017 kulikuwa na mlipuko wa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliodhaniwa kuwa na tauni, wengi wao ya mapafu, na vifo zaidi ya 200. Ituri, mashariki mwa Kongo, huripoti wagonjwa karibu kila mwaka. Nchini kwetu Lushoto iliwaona wagonjwa zaidi ya 7,000 tangu 1980 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, na Mbulu nayo imeguswa.

Ombi langu kwa darasa lako ni moja. Kabla ya muhula kwisha, watume wanafunzi kwa wazee wa Kiziba na maswali machache yaliyoandikwa: panya walipokufa, nani alikuwa na mamlaka ya kusema familia ihame? Walihamia wapi, na kwa muda gani? Nyumba ya zamani ilichomwa, iliachwa, au walirudi? Nafaka na mikeka walivibeba au waliviacha? Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote, kwa sababu mkeka hubeba viroboto. Waandike jibu kama lilivyosemwa, kwa Kihaya, na jina la kijiji.